Mshale Uliolala Kwenye Lori la Masikio

Aliyeisimulia kwanza habari hii ni babu yetu mwenyewe, jikoni kwa bibi, msimu wa mvua wa mwaka ule alioacha usukani, huku akimenya viazi kwa kisu butu. Alisema ataisimulia mara moja tu, na mwenye kumbukumbu aikumbuke. Nimeiandika kama alivyoisema. Pale nilipokuwa na shaka nilimwuliza Bi Birika, mwanamke ambaye hajawahi kuongeza chumvi hata kwenye mboga yake.

Kijiwe kilikuwa njia panda, kati ya kibanda cha kuziba pancha na kibanda cha fundi saa. Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa ubavu wa lori la babu, uliotolewa siku lori lilipobadilishwa mbao, kwa hiyo babu alikaa mwisho wa kulia na hakuna aliyemgombania. Wenyeji wengine walikuwa watatu. Dakika Mbili, fundi saa, aliitwa hivyo kwa sababu hakuna kazi duniani ambayo mdomoni mwake ilizidi dakika mbili. Refa alikuwa mchezeshaji mpira mstaafu, bado anakata maneno ya watu kwa kunyoosha mkono. Bi Birika aliuza kahawa, na neno la mwisho lilikuwa lake kwa kuwa birika lilikuwa lake. Babu naye walimwita kwa jina la barabarani: Masikio. Alibadilisha gia kwa kusikiliza injini tu, na ile geji ya mizunguko, yenye mshale wa kuonyesha injini inakimbia kiasi gani, aliiita pambo la viziwi. Aliyasema hayo kwenye benchi hilo, mbele ya watu, miaka nenda miaka rudi.

Siku ya habari hii masikio yalikuwa yameshaanza kumkimbia. Aliyejua ni bibi peke yake. Kwa muda sasa Masikio alikuwa akiendesha kwa mshale: alichovya njiti ya kiberiti kwenye rangi ya kucha ya mkewe, akatia nukta mbili kwenye kioo cha geji, hapa panda gia, hapa shuka. Halafu mshale ukalala kwenye sifuri. Jana yake alipanda kilima akiwa na gia isiyofaa, na akajua kwa harufu tu kwamba injini inateseka. Alasiri hiyo alikuwa anangojwa machimboni kubeba kokoto, na mteremko wa machimboni haumvumilii dereva asiyejua injini yake iko wapi. Mtu wa kumwuliza alikuwepo: Fundi Waya, aliyefumua altaneta ya lori hilo, ile mashine ya kuchaji betri, wiki ile ile na kuifunga upya. Lakini kumwendea Fundi Waya na kumwambia nitengenezee pambo? Hapana. Basi Masikio akaegesha lori mbele ya benchi, akaketi, akapokea kikombe, akasema kama mtu anayesema huenda mvua ikanyesha:

— Mshale wa mizunguko umelala. Si kwamba nauhitaji.

— Kama huuhitaji, uache ulale, — Refa alisema. — Mgeni hafukuzwi kitandani.

— Kitu kikiwa kwenye gari, kifanye kazi. Sipendi kitu kinachokaa tu na kula nafasi.

— Sema polepole, Dakika Mbili yuko hapa.

— Nimesikia, — Dakika Mbili alisema. — Na mimi ndiye ninayetaka kumsaidia. Mzee wangu, geji ya mafuta inasoma?

— Inasoma.

— Ya joto?

— Inasoma. Fyuzi nimeichomoa nikaiangalia juani, nzima. Waya wa ethi, ule unaoshika bodi nyuma ya paneli, nimeukaza. Ukizungusha ufunguo, mshale unashtuka kidogo kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini, halafu basi.

— Kwa mtu asiyeuhitaji, umeuchunguza sana, shemeji, — Bi Birika alisema.

Masikio aliinamia kikombe chake, akakuta kahawa ya kuangalia bado ipo.

— Nimeshajua, — Dakika Mbili alisema. — Ndani ya geji kuna springi nyembamba, nyembamba kushinda unywele. Kama ya saa. Imechoka. Nipe bisibisi, ni dakika mbili.

— Kwanza tukubaliane kama ni mbovu, — Refa akanyoosha mkono. — Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huo mshale unatembea?

— Hautembei.

— Basi si kibaya. Ni mzima. Mchezo uendelee.

— Refa, hiyo methali umeivisha viatu vya mtu mwingine.

— Vimeitosha, lakini.

Dakika Mbili alikwishaingia ndani ya lori. Alifungua skrubu za paneli, akaitoa yote ikaning'inia kwa nyaya zake, akachomoa geji ya mizunguko na kuja nayo kwenye benchi kwa mikono miwili, kama anayebeba kifaranga. Aliiweka juu ya kitambaa chake cha kufutia saa.

— Hii nyekundu kwenye kioo ni nini?

— Watoto, — Masikio alisema.

— Watoto wapi? Wako wote wana ndevu, na yule wa kike ana leseni.

— Wajukuu.

— Mjukuu mwenye kutia nukta mbili sawasawa hivi apelekwe chuo cha ufundi, asicheleweshwe.

Mjukuu aliyesingiziwa ni mimi. Nilikuwa sijaota jino hata moja.

Fundi saa alivaa lenzi yake jichoni, akafungua, akapuliza, akasukuma mshale kwa ncha ya sindano. Mshale ulikwenda ukarudi wenyewe, bila kusita. Alirudia, ukarudi tena.

— Springi iko hai, — alikiri. — Tena nzuri. Hawa waliotengeneza hii walikuwa watu wenye heshima.

— Mimi nilisema ni mzima, — Refa alisema.

— Ulisema kwa sababu ya kijinga.

— Penati ni penati, hata mchezaji akijikwaa mwenyewe. Sasa sikilizeni. Mambo haya nimeyafikiri tangu asubuhi.

— Asubuhi ulikuwa hujaambiwa, — Bi Birika alisema.

— Nilikuwa nafikiri kwa ujumla. Kaka, lori lako lina umri gani?

— Lilikuwa limeshapasuka kioo kimoja nilipooa.

— Ndiyo hapo. Kiwandani kila geji hupewa idadi ya mizunguko ya kuhesabu, kama mtu anavyopewa siku zake. Ikitimia, inavua kofia. Injini bado inazunguka, lakini mhesabuji amemaliza hesabu yake.

— Mshale huu hauhesabu kitu, — Masikio alisema. — Unaonyesha mbio za sasa hivi tu. Ya jana haina habari nayo.

— Hilo ndilo walilokuambia.

— Walioniambia kina nani?

— Haba na haba hujaza kibaba. Kikishajaa, utamimina wapi?

Dakika Mbili alikuwa ameinua kichwa, anaangalia juu ya bati la kibanda cha pancha.

— Subirini. Ndani ya geji hii kuna sumaku, nimeiona kwa jicho langu. Na ule mnara wa simu pale juu, umesimikwa lini?

— Mwezi huu huu, — Refa alisema polepole.

— Na mshale umelala lini?

— Mwezi huu huu.

Wote wakautazama mnara. Hata aliyekuwa anaziba pancha aliacha tairi akautazama.

— Unavuta mshale, — Refa alisema. — Hakuna siri ya watu wawili. Mnara na sumaku ni wawili, tumewafuma. Kaka, geuza lori. Kipe kisogo kile chuma.

Mtu mwenye akili zake, mwenye safari ya machimboni, angekataa. Masikio alikubali. Alituambia alikubali kwa sababu kila upumbavu uliosemwa pale ulikuwa unamsogeza mbali na swali ambalo hakutaka aulizwe. Geji ikarudishwa mahali pake. Lori likageuzwa palepale kwenye njia panda, kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, Refa akielekeza kwa mikono yote miwili na kumsimamisha mwendesha mkokoteni mmoja ambaye hakuwa na haraka yoyote. Lilipotulia, uso wake ulikuwa kwenye ukuta wa kibanda cha fundi saa na mshale wake uko sifuri.

— Taa ya chaji inawaka ukifungua ufunguo? — Dakika Mbili aliuliza, amejikunja kwenye mlango wa abiria.

Masikio alikuwa akimtazama mdomoni.

— Inawaka. Injini ikinguruma inazimika, kama inavyotakiwa.

— Na mshale huu unapata wapi habari za injini?

— Nyuma ya altaneta. Kuna waya mmoja unaleta habari ya mzunguko, mwingine ni wa taa ya chaji.

— Taa ya chaji inasema kweli, basi altaneta inaongea. Inaongea, mshale haupati. Kiziwi ni huu.

Masikio alishika usukani kwa mikono miwili.

— Hebu kanyaga mafuta, mzee wangu. Taratibu. Mimi naangalia mshale.

Masikio alikanyaga, na yeye pia akaangalia mshale. Alifanya kama mguu wake ulivyokwisha kuzoea: unakanyaga mpaka mshale ufike nukta ya kwanza, hapo unatulia. Mshale haukuondoka. Akaongeza. Haukuondoka. Akaongeza tena, macho yako kwenye nukta. Kwenye nyayo alisikia mtetemo, akaudhania ni ule wa siku zote wa injini iliyokula chumvi nyingi. Kisha pembeni ya jicho akamwona Bi Birika amelikumbatia birika, Refa katia vidole masikioni, na moshi mweusi unapanda ukutani. Mkono wa Dakika Mbili ukapita mbele ya kifua chake, ukavuta kishikio cha kuzimia injini.

Vitu vyote vikanyamaza. Hata yeye aliona vimenyamaza.

— Nilisema taratibu, — Dakika Mbili alisema.

— Taratibu ya lori si taratibu ya saa.

— Nilisema basi, mzee wangu. Nimesema na kusema.

Waliteremka wakarudi kwenye benchi. Bi Birika alimimina kahawa bila kuulizwa. Kwa kawaida pale ndipo Refa alipopaswa kutoa kadi, na kwa kweli alinyoosha mkono.

— Asiyesikia la mkuu, — alianza. Akamwangalia rafiki yake. — Hapana. Hiyo siyo.

Akatafuta methali nyingine. Bi Birika anasema katika miaka yake yote ya kuuza kahawa hakuwahi kumwona mtu yule akitafuta methali na kuikosa.

— Injini nzuri ile, — Refa alisema mwishowe. — Ina pumzi.

— Ina pumzi, — Masikio alisema.

Ni hapo Fundi Waya alipotokea, akitoka kwenye kazi nyingine, msokoto wa waya begani kama mkufu. Alikuwa kijana wa rika la wanawe Masikio, fundi asiye na maneno mengi, na alisimama kwanza kulitazama lori.

— Shikamooni. Nani kalielekeza lori la mzee ukutani?

— Marahaba, — walisema.

— Ni mnara, — Dakika Mbili akaongeza.

— Mnara gani?

— Usiulize, mwanangu, — Bi Birika alisema. — Mshale wa mizunguko umelala. Wamefungua, wamefunga, wamegeuza lori, wamenifukuzia wateja kwa moshi.

— Haujalala. Niliulaza mimi.

Wote wakamgeukia, na Masikio, aliyeuona mgeuko kabla hajayapata maneno, akamgeukia pia.

— Rudia, mwanangu. Ukiniangalia.

— Nasema niliulaza mimi, mzee. Siku ile ya altaneta nilikuta waya wa taa ya chaji umeungua, kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya paneli. Sikuwa na waya mwingine siku hiyo, na wewe ulitaka lori jioni ile ile. Wa geji ulikuwa mzima, na unapita njia moja na ule. Taa ya chaji ni ya lazima, ikifa hutajua betri inaisha mpaka ulale njiani. Nikachukua waya wa geji, nikaupa taa.

— Bila kumwuliza mwenye lori? — Refa alikuwa amepona, mkono ulikuwa juu.

— Nimwulize vipi? Nimekua nikimsikia mzee huyu, kwenye benchi hili, akisema geji ile ni pambo la viziwi. Ningemwuliza, si ningekuwa nimemtukana?

Hakuna aliyepinga, kwa kuwa wote walikuwepo siku hizo, na wote walicheka. Fundi Waya aliteremsha msokoto wa waya chini. Akamtazama Masikio, kwa adabu, bila ujanja wowote.

— Kwani, mzee, ulikuwa unaitumia?

Refa alishusha mkono. Dakika Mbili alitoa kitambaa chake, akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi. Bi Birika aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa matone mawili na makapi, likakauka. Naye hakusema kahawa imekwisha, jambo ambalo husema kila siku kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi.

Babu alisema jibu la hapana lilikuwa limewekwa mezani, tayari, na wale watatu walikuwa wamemkatia kipande kikubwa. Wangelipokea. Wangempa na methali juu yake. Angeliwasha lori, angekwenda machimboni, angepakia kokoto, na jina lake lingebaki zima mpaka kwenye ile kona ya mteremko ambapo wanafunzi hutembea kandokando ya barabara wakirudi nyumbani. Alisema dereva ana fahari mbili, ya kuitwa dereva na ya kufika, na maisha yake yote alidhani ni moja.

— Naitumia, — alisema.

— Tangu lini, kaka? — Refa aliuliza, safari hii taratibu.

— Tangu masikio yalipopungua. Zile nukta ni zangu, rangi ni ya mke wangu. Napanda gia kwa moja, nashuka kwa nyingine, na tangu nianze sijaua gia wala sijamgusa mtu. Machimboni wakisubiri, wasubiri. Siteremki na kokoto mpaka mshale uamke.

Aliyasema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyejisikia, hata aliyekuwa kwenye pancha akasikia, na mwenye mkokoteni akasikia. Hakuinamisha kichwa. Bi Birika anasema alikaa kwenye ule ubao wima kama yuko nyuma ya usukani.

Fundi Waya alikwishaanza kupima waya kwa urefu wa mikono yake.

— Ungetuambia mapema, — Refa alisema, — nisingeligeuza lori.

— Ningekwambia mapema, nisingejua una akili za mnara.

— Mnara ni wa Dakika Mbili.

— Wewe ndiye uliyesema niupe kisogo.

— Mimi nilitoa uamuzi kwa kilichokuwa uwanjani.

Hapo ndipo walipocheka, na kicheko hicho Masikio alikipata chote, kwa macho na kwa ubao uliotikisika chini yake. Fundi Waya alilala chini ya lori, akatoka, akaingia nyuma ya paneli. Dakika Mbili alimshikia taa na kumwambia ni kazi ya dakika mbili. Ilichukua mpaka kivuli cha ukuta kikafika kwenye benchi. Kisha Masikio akapanda, akawasha, akakanyaga. Mshale uliondoka sifuri, ukapanda polepole, ukagusa nukta ya kwanza, ukakaa hapo umetulia, na mguu umetulia, na nje hakuna aliyeziba sikio.

— Vipi huko? — aliwauliza kupitia dirishani.

Refa alimwonyesha kwa mkono: cheza.

Alikwenda machimboni na Dakika Mbili kwenye kiti cha abiria, akateremka na kokoto kwa gia ya pili mwanzo hadi mwisho. Msimu huo huo alianza kumfundisha shangazi yetu lile lori, na hakumfundisha kusikiliza tu, alimfundisha na mshale. Kuhusu jina, siku moja aliwaambia wamtafutie lingine, hili limekuwa uongo. Refa alikataa. Alisema jina mtu hulipata uwanjani, na aliyelipata halirudishi kwa kuwa amechoka miguu. Kwa hiyo aliitwa Masikio, anaitwa Masikio, na sisi wajukuu ni watoto wa kwa Masikio popote tuendapo, na tunaitika.

Refa amefariki, alizikwa na umati ambao ungeujaza uwanja wake. Bibi amefariki pia. Aliyekuwa akiziba pancha alihama, na sijapata habari za kuaminika, kwa hiyo siandiki kama yupo au hayupo. Fundi Waya yu hai, macho yamempungua, na husema wazi kwamba yamepungua. Dakika Mbili yu hai na bado anakuja sasa hivi. Bi Birika yu hai, na ameyasoma haya yote kabla yenu akafuta mstari mmoja. Babu yu hai. Lori linaendeshwa na shangazi, na siku za safari ya machimboni babu huketi kiti cha abiria, macho kwenye mshale, na kabla injini haijalalamika humgusa shangazi goti, abadilishe. Shangazi ana masikio mazuri. Anasema mpaka leo babu hajamgusa kwa makosa.